Rafiki wa Kudumu: Namna ya Kumpata, Kumtunza na Kumrudia

Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914 na tangu hapo haijaacha kushusha watu na kuwachukua. Bandarini wanateremka watu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura. Watumishi wanahamishwa, wavuvi wanafuata samaki kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, vijana wakimaliza shule wanapanda treni kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Kwa hali hiyo kufahamiana kwetu ni rahisi mno. Kaa kijiweni hapa mjini, mtaa wa Mwanga, siku mbili, ya tatu unaitwa ndugu. Kudumu ndiko kunakotushinda. Wapo watu wenye majina mamia kwenye simu, lakini wakiuguliwa hawana hata mmoja wa kumwambia, "Kaa hapa na mgonjwa, mimi nikaoge nirudi."

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kufika uzeeni akiwa na mtu wa kuongea naye ambaye hakuzaliwa naye tumbo moja. Ninachoamini ni hiki: rafiki wa kweli anadumu kwa kazi. Kupendana kunaanzisha, lakini kinachobakiza ni kufika, kulipa, kunyamaza, kusema na kupatana. Kazi hizo zinafundishika, na aliyezikosa utotoni anaweza kuzianza leo.

Na jambo lenyewe ni zito kuliko tunavyolichukulia. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Julianne Holt-Lunstad wa Marekani walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Tunazoea kudhani upweke ni ugonjwa wa Ulaya, wa watu wanaofunga milango. Kumbe mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya soko la Mwanga, salamu zikimiminika kila upande.

Hatua ya kwanza: Wahesabu watu wako bila kujidanganya

Chukua daftari, si simu. Andika majibu ya maswali haya, ukiacha nje ndugu wa damu na mwenzi wako wa ndoa.

Mtoto akizidiwa saa nane usiku, utamgongea nani? Nani anajua deni lako kubwa kuliko yote? Nani amewahi kukuambia uso kwa uso kwamba umekosea, na mpaka leo mnaongea? Ukipata kazi nzuri au nyumba yako ikiezekwa, nani atafurahi bila kuhesabu atapata nini?

Jina linalojitokeza zaidi ya mara moja, hilo ndilo la kulinda. Ukipata majina mawili umebarikiwa. Robin Dunbar, msomi wa Uingereza aliyechunguza kwa miaka mingi ukubwa wa makundi ya watu, anasema duara la ndani kabisa la mtu huwa na watu kama 5 tu, na humo ndugu wanahesabiwa. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna marafiki kumi wa chanda na pete. Hakuna aliye nao.

Waliobaki kwenye orodha usiwafute wala usiwadharau. Kuna mtu wa shughuli: mnauziana, mnapeana habari za bei, mnasaidiana usafiri. Kuna mtu wa kucheka naye, mnaangalia mpira pamoja. Wote hao wana nafasi yao. Maumivu mengi huanzia pale unapomdai mtu wa kucheka naye abebe mzigo wa kulia naye. Hakuahidi hilo. Akikukimbia siku ya shida, umeumia kwa hesabu yako mwenyewe.

Na ukikuta daftari tupu, usikate tamaa. Endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: Mtazame kabla hujamfungulia moyo

Maneno matamu hayana gharama. Tazama mambo ambayo mtu huyafanya akidhani hakuna anayemtazama.

Nenda Kibirizi au Katonga mchana wa masika, dagaa wakiwa wameanikwa kwenye vichanja na kwenye mchanga. Wingu linatanda, upepo unabadilika, na mara moja pwani yote inakurupuka. Kila mtu anakimbilia dagaa wake, kwa sababu dagaa akilowa wakati hajakauka vizuri anaharibika rangi na harufu, na bei inaanguka. Hakuna wa kulaumiwa hapo, kila mtu ana watoto. Lakini utamwona mama mmoja aliyemaliza kuanua wa kwake akiunganisha moja kwa moja kwenye kichanja cha jirani yake aliyekwenda msibani Mwandiga. Anakusanya harakaharaka kwa mikono miwili, anajaza beseni, anafunika kwa turubai lake, anaweka jiwe kila pembe. Jioni hasemi neno. Jirani akirudi anajua kwa kuona turubai si lake.

Mtu wa namna hiyo msogelee. Mnunulie chai. Muulize habari za watoto wake na umsikilize akijibu.

Dalili nyingine ni hizi. Sikiliza anavyowazungumzia wasiokuwepo: anayekuletea ya fulani leo, kesho atapeleka yako kwa fulani. Angalia anavyolipa vidogo, ile nauli ya bodaboda aliyosema atarudisha, ile vocha. Mtu anayekumbuka elfu mbili ataikumbuka na laki mbili. Angalia anavyoongea na mbeba mizigo, na dada anayeosha vyombo mgahawani, watu ambao hawawezi kumpa cheo wala kumnyima. Halafu kuna dalili moja ambayo mimi huipa uzito kuliko zote: mpe habari yako njema uone uso wake. Dhiki huwavuta hata wambeya, maana msiba wa mtu una utamu kwa anayetaka kusimulia. Neema ndiyo inayochuja. Ukisema "nimepata kiwanja Gungu" na jambo la kwanza analosema ni mgogoro wa mpaka, weka akilini. Likijirudia, umeshajibiwa.

Usifanye haraka. Mwaka mzima wa kutazamana si mrefu.

Hatua ya tatu: Tenga muda unaojulikana

Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika kumgeuza mtu unayemfahamu kuwa rafiki. Alikuta inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja kufikia urafiki wa kawaida, kama saa 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 kuwa rafiki wa karibu. Tena saa za kufanya kazi meza moja hazikuwa na nguvu sana. Zilizohesabika ni zile za kukaa pamoja kwa hiari.

Piga hesabu hiyo kwa maisha yetu. Ukikaa na mtu saa moja ya kahawa jioni, siku tano kwa wiki, zile saa 200 zinatimia katika wiki 40. Wazee wa Ujiji wanaokutana barazani baada ya swala ya alasiri hawakuhitaji mtafiti wa kuwaambia. Wana kiti, wana saa, na asiyefika anaulizwa. Hilo la kuulizwa ndilo kubwa: ukikosekana, kuna mtu anatuma mtoto aende nyumbani kwako kuangalia kama u mzima.

Kwa hiyo usiseme "tutafutane siku moja." Siku moja haimo kwenye kalenda. Sema, "Kila Jumamosi baada ya sokoni nitapita kwako." Kama rafiki yako ni mvuvi wa dagaa, fuata mwezi. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kila mwezi unapokuwa mpevu. Hizo ndizo siku zake. Siku za giza usimlaumu kwamba hapokei simu mchana. Amelala, alikesha ziwani.

Tena mfanye kitu pamoja badala ya kukaa mkitazamana. Wanaume hasa, wengi wetu hatuwezi kusema jambo zito tukiwa tumeelekezana nyuso. Mikono ikiwa na kazi, kushona wavu, kupalilia mihogo, kutengeneza baiskeli, maneno yanatoka yenyewe.

Hatua ya nne: Pesa

Hapa nitakaa, kwa sababu marafiki wengi niliowaona wakigeuka maadui waligombana kwa ajili ya pesa, na mara nyingi haikuwa pesa nyingi.

Kanuni ya kwanza: kila pesa inayopita kati yenu iwe na jina kabla haijatoka mfukoni. Majina yapo matatu tu. Ni zawadi, au ni mkopo, au ni ubia. Ugomvi mwingi ni wa mmoja aliyedhani ni mkopo na mwingine aliyedhani ni msaada. Anayetoa aseme, na kama hakusema, anayepokea aulize: "Ndugu yangu, hii nakurudishia lini?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Linamheshimu.

Kanuni ya pili: usikopeshe pesa ambayo ikipotea utamchukia. Kama akiba yako ni laki tatu za ada ya mtoto, na rafiki anaomba laki tatu, hiyo si yako kuikopesha. Mwambie hivi: "Laki tatu sina kwa kukukopesha, iliyopo ni ya ada. Lakini chukua hii elfu thelathini, si deni, tena twende wote tukamwone fulani, huenda akatusikiliza." Umemnyima mkopo, hukumnyima uwepo wako. Kumfuata mtu kwenda kukopa, kusimama naye mlangoni, ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Ukikopesha, andikeni. Karatasi moja, kiasi, tarehe, sahihi mbili, basi. Watu wanaona aibu: "Sisi ni marafiki, tuandikiane kweli?" Andikianeni kwa sababu hiyo hiyo. Kumbukumbu ya aliyekopa na ya aliyekopesha hazikai pamoja muda mrefu. Karatasi inawatoa nyote wawili kwenye mabishano ya "ulisema hivi, nilisema vile."

Kwako wewe unayedaiwa: piga simu kabla ya tarehe. Usisubiri kutafutwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo huanza siku unapoanza kupita njia ya nyuma ili usionekane. Kama huna, sema huna, peleka hata sehemu kidogo, taja tarehe mpya unayoweza kuitimiza. Mdai anaweza kuvumilia ukata wako. Kinachomuumiza ni kuona simu inaita haipokelewi, halafu jioni anasikia ulikuwa harusini umevaa kitenge kipya.

Na kwako unayedai: dai faraghani. Usidai mbele ya mkewe, wala msibani, wala kwenye kundi la simu ambamo watu hamsini wanasoma. Mwite pembeni: "Kaka, lile jambo letu limefikia wapi? Nami nimebanwa." Akilia shida na unajua ni kweli, una njia mbili za haki. Mwongezee muda, au msamehe kabisa na umwambie kwa kinywa kwamba umesamehe. Njia ya tatu, ya kusema "haina shida" huku unahesabu moyoni, ni sumu.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa familia zinazokula kutokana na ziwa, kipindi hicho kilikuwa kipimo. Wavuvi, wachuuzi, waanikaji, wapakiaji, wote walibanwa wakati mmoja, kiasi kwamba hata mtu wa kukopa kwake hakuwepo. Katika hali kama hiyo pesa haisaidii kwa sababu haipo. Kinachosaidia ni mtu kusema, "Njoo tulime wote kipande changu," au, "Watoto wako wale kwangu mchana, wewe shughulikia usiku." Ukitaka kujua nani ni wa duara la ndani, kumbuka majira ya namna hiyo. Mkumbuke na aliyekuwa hana kitu akaja kukaa nawe tu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kufaa kuna sura nyingi.

Ubia nao una kanuni zake. Mkinunua pamoja injini, nyavu, cherehani au bodaboda, kaeni kabla chombo hakijaanza kazi na muandike nani ametoa nini, nani anafanya kazi, faida inagawanywaje, hasara inabebwaje, na mmoja akitaka kutoka anatokaje. Hilo la kutoka husahaulika, nalo ndilo linalovunja. Na mtu akikuomba umdhamini mkopo, iwe VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, au benki, elewa kwamba akishindwa kulipa utafuatwa wewe. Kabla hujatia sahihi jiulize kama ungeweza kulipa deni hilo peke yako. Kama jibu ni hapana, usitie sahihi, hata akikuita msaliti. Rafiki wa kweli atanuna wiki mbili. Asiye wa kweli atanuna milele, na utakuwa umemjua bila kupoteza kiwanja.

Hatua ya tano: Siri

Fupi na ngumu. Alichokuambia ukiwa naye peke yenu kinaishia kwako, hata kama hakusema "usimwambie mtu." Mwenzi wako wa ndoa naye ni mtu. Kama huwezi kumficha, mwambie rafiki yako mapema: "Mimi na mke wangu hatufichani, ujue." Ataamua aseme nini.

Yapo machache ya kuvunja ukimya: mtoto anayeumizwa, mtu anayetaka kujidhuru, anayepigwa nyumbani. Hapo unatafuta msaada, na unamwambia rafiki yako kwamba unautafuta. Akikasirika, akasirike akiwa hai.

Hatua ya sita: Fika

Msibani wote tunafika. Kigoma hatujambo kwa hilo, turubai likifungwa mtaa mzima umekaa. Rafiki anafika kwa namna mbili ambazo wengine hawafiki.

Anafika mapema, na kwa kazi. Haulizi "nikusaidie nini?" maana mfiwa hana akili ya kujibu. Anaangalia maji yapo, mkaa upo, sukari ipo, nani anakwenda kupokea wageni kituo cha mabasi, dawa za bibi zimenunuliwa. Anashika daftari la rambirambi ili wenyewe wafiwa walie.

Kisha anafika baadaye. Arobaini ikishapita, au baada ya misa ya shukrani, watu wanaondoka na viti vinarudishwa. Ndipo msiba unapoanza hasa kwa mjane na kwa watoto. Weka alama kwenye kalenda: mwezi wa pili, mwezi wa sita, mwaka. Piga simu siku hizo. Mtaje marehemu kwa jina. Watu huogopa kumtaja wakidhani wanamkumbusha mfiwa machungu, kumbe hakusahau hata siku moja, na anatamani kusikia mtu mwingine naye anakumbuka.

Kwa mgonjwa, nenda ukijua utafanya nini. Kaa muda mfupi usimchoshe, mpe nafasi anayemuuguza akapumzike, peleka uji ulioulizia kwanza kama anaruhusiwa. Hadithi za watu waliokufa kwa ugonjwa huohuo ziache nje ya wodi.

Na furaha ifikie vilevile. Ubatizo, Idi, mahafali ya mtoto, siku ya kuhamia nyumba. Kutofika kwenye furaha ya mtu kwa kisingizio cha shughuli humuuma kimyakimya kwa miaka.

Hatua ya saba: Sema kweli, gombana vizuri, patana mapema

Ukiona anapotea, kwa pombe, kwa mchepuko, kwa kamari ya simu, kwa hasira anazomalizia kwa watoto, sema. Sema mara moja, faraghani, ukitaja ulichokiona wewe mwenyewe na si ulichosikia: "Jana nilikuona umemchapa mtoto mpaka akashindwa kusimama. Wewe ni ndugu yangu, ndiyo maana nakuambia. Kuna nini?" Kisha nyamaza umpe nafasi. Usimtume mchungaji wala shehe kabla hujasema wewe. Hiyo ni njia ya pili, ikishindikana ya kwanza.

Ugomvi ukizuka, na utazuka, zingatia muda. Siku ya kwanza mtu ana hasira. Wiki moja baadaye ana maelezo. Mwezi ukipita ana mashahidi, na hapo tena hamgombani ninyi wawili, wanagombana watu wa pande mbili. Kwa hiyo mfuate ndani ya wiki. Nenda kwa miguu, si kwa ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti husikilizwa mara tano, na kila mara unazidi kuwa mbaya.

Radhi inayoponya ina mambo manne: umetaja kosa lenyewe, hukuweka "lakini," umesema utakachofanya kulirekebisha, na hukumlazimisha asamehe papo hapo. "Kama nimekukosea, nisamehe" haifai, maana unamwachia yeye kazi ya kuthibitisha. Sema, "Nilimwambia fulani habari za kwenu. Nilikosea. Nimekwenda kwake kumwambia sikuwa na haki hiyo. Sikuombi jibu leo."

Mkishindwa wenyewe, tafuteni mtu mmoja mnayemheshimu wote, mzee wa mtaa, dada mkubwa, jirani. Mmoja anatosha. Akizidi mmoja inakuwa baraza.

Wazee wa huku kwetu magharibi walikuwa wakiufunga urafiki mkubwa kwa kuchanjiana, kila mmoja akionja damu ya mwenzake mbele ya mashahidi. Mtemi Mirambo, ambaye wilaya ya Urambo mkoani Tabora inabeba jina lake, alichanjiana na Henry Morton Stanley, msafiri Mzungu, mwaka 1876. Damu msichanjiane leo: homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita humo. Ila ninaupenda ule uamuzi wa kusema mbele ya watu kwamba huyu ni ndugu yangu, na kuanzia leo tuna wajibu. Tumezoea kuacha urafiki ujiendeleze bila kutamkwa. Mwambie rafiki yako, hata mara moja maishani, kwamba unamhesabu ndugu. Waambie na watoto wako, "Huyu ni baba yenu mkubwa." Watoto wakimjua, urafiki unakuwa na mizizi ya pili.

Hatua ya nane: Ndoa na umbali

Urafiki unaofichwa mwenzi wa ndoa una siku chache. Mlete nyumbani, ale ugali na migebuka mezani kwenu, mke au mume wako amjue. Kama mwenzi wako hampendi, sikiliza sababu zake kwa makini kabla ya kumtetea rafiki. Mara nyingine aliye nje ya urafiki huona tusichokiona. Mara nyingine ni wivu wa muda tu, na unaponywa kwa mwenzi wako kupewa muda wake kwanza.

Umbali ni jambo la kila familia huku. Rafiki amehamia Mwanza au Mbeya, au amevuka ziwa. Wiki za mwanzo mnapigiana kila siku, mwezi wa tatu mnatumiana picha za asubuhi njema zilizosambazwa kwa watu mia. Zile picha hazibebi kitu. Bora simu moja ya dakika kumi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa inayojulikana, yenye maswali ya kweli: mguu wa mama unaendeleaje, yule bosi bado anakusumbua? Andika vitu alivyokuambia ili simu ijayo uanzie hapo.

Tuma na kitu cha mkono mara mojamoja. Kilo mbili za dagaa waliokauka vizuri, wamechambuliwa, wamefungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa kisha kwenye boksi, vinafika mbali kwa basi bila kuharibika. Dumu la mawese lifungwe kifuniko kwa nailoni na kusimamishwa wima, mwambie kondakta ni mafuta. Mtu aliyekulia Kigoma akila dagaa hao Dar es Salaam atakupigia kabla hajamaliza sahani.

Hatua ya tisa: Kuachia, na kumrudia wa zamani

Wapo wa kuachia. Anayekuhitaji siku ya shida zake tu mwaka hadi mwaka, anayekudhalilisha mbele za watu na kuita utani, anayekuvuta kwenye wizi au ulevi, aliyekwisha kuambiwa na hakubadilika. Huhitaji kutangaza vita. Punguza siku, acha mikopo, baki na salamu na msiba. Siri zake alizokupa zibaki kwako hata baada ya urafiki kwisha. Deni la siri halifutwi na ugomvi.

Lakini kabla hujamtafuta rafiki mpya, pitia majina ya zamani: mliyesoma naye darasa moja, mliyeanza naye kazi, jirani aliyehama. Wengi wa hao hamkugombana, mliacha tu. Zile saa 200 mlizimaliza zamani, mnachohitaji ni kuanza tena kuongea.

Tuma ujumbe usiokuwa na ombi: "Nimepita leo pale Ujiji tulipokuwa tukikaa, nikakukumbuka. Sina shida yoyote, nataka tu kujua unaendeleaje. Mama bado yupo?" Hayo ya "sina shida yoyote" yaandike, kwa sababu mtu akiona jina la miaka kumi iliyopita hudhani anaombwa pesa. Na kweli usiombe, si mwezi huo wala unaofuata. Akijibu kwa neno moja, usikate tamaa, mpigie jioni akiwa ametulia. Asipojibu kabisa, namba huenda imebadilika: muulize ndugu yake, au tuma salamu kwa mtu anayesafiri kwenda huko. Kimya kikiendelea, ngoja Idi au Krismasi utume tena, mistari miwili tu. Akipokea na kuanza kwa kulalamika kwamba ulimtupa, msikilize mpaka amalize, kisha muulize yuko nyumbani siku gani.